Nilijaza Daftari la Kuosha Mashine Tarehe Moja

Mashine iliniambia kwamba mama mjamzito aliyekaa mbele yangu, anatafuna chapati na kucheka na simu yake, damu yake ilikuwa karibu kushindwa kuganda kabisa.

Na mimi nikaiamini mashine.

Wakuu, hii nimeiandika na kuifuta mara nne. Kila nikiisoma najikuta nimejipunguzia makosa kidogo. Safari hii ya tano nimeamua iende kama ilivyo. Mtakaotaka kunitukana, nafasi ipo chini hapo.

Naitwa Protas. Ni Mtanzania, kwetu Karagwe, na hapa Kigali huu ni mwaka wangu wa tatu. Nafanya kazi maabara ya kliniki moja binafsi upande wa Kanombe. Jina lake silitaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kwa ambao hamjawahi kuingia maabara, ngoja niwaeleze kidogo, maana bila hilo hamtanielewa.

Damu siku hizi haihesabiwi kwa macho. Kuna mashine, ukubwa wake kama maikroweivu. Inanyonya tone la damu, inalichanganya na maji maalumu yenye chumvi, halafu inazipitisha zile chembe moja moja kwenye kitundu chenye upana wa unywele. Kila chembe ikipita, inahesabiwa. Maelfu kwa maelfu ndani ya sekunde chache.

Sasa kitundu cha upana wa unywele kinahitaji nini ili kizibe?

Hakihitaji kitu. Kibonge kidogo cha damu iliyoganda, uzi wa pamba, utando wa damu ya jana uliokaukia pembeni, basi imeisha hiyo.

Ndiyo maana kuna utaratibu. Kichupa cha damu unakipinduapindua taratibu mara nane ili dawa iliyomo ichanganyike na damu isigande. Asubuhi unapitisha maji matupu, mashine isome sifuri au karibu yake. Jioni unaipa dawa ya kuoshea, ambayo kusema kweli ni ndugu wa jiki, inakaa ndani dakika kumi na tano mpaka ule utando utoke. Ukimaliza unaandika kwenye daftari: saa, tiki, sahihi.

Daftari langu halikuwahi kuwa na nafasi tupu hata moja.

Nilikuwa nalijaza lote tarehe moja ya mwezi.

Naam. Mwezi mzima unaoanza, asubuhi na jioni, kwa mkupuo mmoja nikinywa chai. Nilikuwa hata nabadilisha kalamu katikati na kuchezea saa kidogo, leo saa mbili na robo, kesho saa mbili na dakika ishirini, ili ionekane ya ukweli. Mjinga hawezi kufanya hivyo. Hiyo inataka mtu mwenye akili aliyeamua kuzitumia vibaya.

Mwanzoni nilikuwa naosha kweli, msinione nimezaliwa hivi. Aliyenifundisha ni dada mmoja anaitwa Trinah, mkali kama nini. Miezi sita baadaye akaolewa, akahamia Mbarara, nikabaki peke yangu na mashine.

Jioni moja nikasahau kuosha. Asubuhi yake nikapitisha maji matupu roho ikiwa juu. Mashine ikasoma sifuri, safi kabisa.

Jioni nyingine sikusahau. Niliacha tu, jamaa walikuwa wananisubiri kwa brosheti, mishkaki ya hapa, kule Batsinda ninakokaa. Asubuhi, sifuri tena.

Nikaacha wiki nzima. Sifuri.

Nikajiambia, aisee hii mashine ni chuma, hawa waliotengeneza wanaandika masharti mengi kujikinga tu. Ikawa ndiyo mazoea. Saa kumi na moja kamili jioni koti linatundikwa, mimi huyo nje.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo aibu inapoanzia.

Rwanda kazini kuna imihigo. Mwanzo wa mwaka unasimama mbele ya wenzako, unataja utakachotimiza, unasaini, na mwisho wa mwaka mnakaguliwa. Imihigo yangu mimi ilikuwa kwamba mashine ya damu haitasimama hata siku moja.

Na haikusimama. Kliniki za jirani mashine zao zinaziba kila baada ya miezi, fundi anaingia na kutoka. Ya kwangu, mwaka mzima, inakata kazi.

Bosi wetu, Kamanzi, mtu aliyekulia Uganda na asiyecheka ovyo, akanisimamisha mbele ya wafanyakazi wote. "Muone huyu," akasema. "Huyu kijana iko na nidhamu. Daftari yake hapana shimo hata moja."

Wakanipigia makofi. Picha yangu ikatundikwa mapokezi, nimevaa koti jeupe, natabasamu. Nikamtumia mama yangu Karagwe. Akaenda kuisafisha mjini, akaiwekea fremu, akaitundika sebuleni karibu na msalaba.

Sikuona aibu hata kidogo. Nilijiona nastahili.

Kwenye kliniki yetu kuna mama wa usafi, mama Cécile. Ana miaka kama sitini, Mnyarwanda aliyekulia Goma, anaongea Kiswahili cha kule. Anapiga deki, anaosha vyombo vya maabara, anajaza chupa za dawa kutoka kwenye madumu makubwa. Anakaa Ndera. Kijana wake mmoja ni mgonjwa wa muda mrefu, anatibiwa hospitali ya huko huko, na bima ya kazi ya mama ndiyo inayomtolea dawa. Hilo wote tulilijua. Mama yule bila kazi, kijana hana dawa.

Katikati ya mwezi wa kumi mama Cécile akachukua likizo ya wiki mbili. Binti yake alikuwa amejifungua Rubavu. Tulimchangia khanga na sabuni, akaondoka amefurahi.

Mimi nikaendelea na maisha yangu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ikawa umuganda, ile kazi ya pamoja ya nchi nzima, na kliniki yetu yote ikaenda Batsinda kuzibua mtaro uliojaa mchanga na chupa za plastiki. Nilichapa kazi siku hiyo. Kamanzi akanipiga picha nina jembe, tope mpaka magotini, akairusha kwenye grupu la kazini. Tukafungua kliniki saa sita mchana.

Jumanne iliyofuata ndiyo akaja Aidah.

Mimba ya miezi minane na nusu, mume askari wa kambi pale pale Kanombe. Kipimo cha kawaida tu. Akakaa kwenye benchi mbele ya dirisha langu na chapati yake kwenye karatasi.

Nikaweka damu. Mashine ikahesabu, ikatoa jibu.

Chembe za kugandisha damu kwa mtu mzima zinatakiwa zianzie laki moja na nusu. Za Aidah zilisomeka elfu kumi na tisa.

Pembeni ya jibu ikawaka alama ya njano. Ile alama maana yake ni kwamba mashine yenyewe haiamini ilichohesabu. Ukiiona unatakiwa utazame kichupa kama kina bonge, upime tena, uweke tone kwenye kioo uangalie kwa hadubini. Dakika ishirini.

Foleni ilikuwa ya watu tisa. Na zile alama za njano nilikuwa nimeziona nyingi wiki hiyo, nikazizoea. Nikabonyeza kuendelea, nikatuma jibu kwa daktari.

Nikamwangalia Aidah anajifuta mafuta ya chapati vidoleni. Nikamwonea huruma, wallahi. Nikasema moyoni, masikini, hajui.

Nusu saa baadaye ambulansi ikamchukua kwenda hospitali kubwa.

Kesho yake asubuhi, kabla sijavaa koti, mume wake alikuwa amesimama mapokezi. Anaitwa Nkusi. Hakuwa anafoka. Ningependa angefoka.

"Nani alihesabu damu ya mke wangu?" akauliza.

Kamanzi akatoka ofisini. "Afande, kuna shida gani?"

"Hospitali wamepima mara mbili. Iko laki mbili na ishirini na moja. Iko mzima kabisa. Lakini hiyo masaa matatu kabla ya jibu, walituambia wanamtoa mtoto siku ile ile na damu inaweza kukataa kusimama. Mimi niliita ndugu zangu wote watoe damu. Na yeye alipiga simu kwa dada yake, akamuelezea nguo za mtoto wetu mkubwa ziko wapi, na anapenda kulala na blanketi gani."

Dada wa mapokezi akaacha kuandika.

"Nataka tu kumuona aliyehesabu," akasema.

Alikuwa amesimama chini ya picha yangu. Natabasamu pale ukutani na koti jeupe. Na mimi niko hatua tano kutoka kwake, nimejibanza nyuma ya mlango wa maabara, sikutoka.

Kamanzi akamwambia ni mashine, tutaichunguza, akamwomba radhi kwa niaba ya kliniki. Mashine ikazimwa. Wagonjwa wote wa Jumatatu na Jumanne wakapigiwa simu warudi wapimwe kwingine. Na saa nne akafika fundi, anaitwa Norman.

Norman akafungua, akachomoa kile kipande chenye kitundu, akakiweka chini ya hadubini, akaniita nichungulie.

Kulikuwa na utando wa njano umejikunja pembeni mwa tundu, na uzi wa damu iliyoganda umekwama katikati. Nafasi iliyobaki ilikuwa kiduchu.

"Hii imeziba kitambo," Norman akasema. "Chembe kubwa kubwa zinajisukuma, zile ndogo hazionekani vizuri. Bosi, hapa iko mambo mawili tu. Ama hawajaosha kama wiki mbili, ama dawa ya kuosha imeharibika."

Kamanzi akachukua daftari langu. Akafunua mwezi wa kumi. Tiki, tiki, tiki, mpaka chini.

"Wameosha," akasema. "Basi iko dawa. Protas, dawa iko namna gani?"

Mama Cécile alikuwa amerudi kazini asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa kwenye korido na ndoo yake, ametuletea maharage mabichi kutoka Rubavu, kila mtu na kifurushi chake.

Jamani, mimi sikumtaja. Naomba mnielewe vizuri, sikumtaja, na hiyo ndiyo inayonifanya nijione mbaya zaidi. Nilifanya tu hivi: nikashika ile chupa ya dawa, nikaiinua kwenye mwanga, nikasema taratibu kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

"Hizi chupa mara ya mwisho zilijazwa kabla ya likizo, eeh?"

Basi. Sikuongeza neno. Kila mtu aliyekuwa pale anajua nani anajaza chupa. Na kila mtu anajua ile dawa unaweza kufulia nguo nyeupe, ukachota ya nyumbani na kuongezea maji.

Kamanzi akageuka. "Mama Cécile. Njoo."

Akaja anapangusa mikono kwenye kitambaa.

"Hii dawa ulijaza wewe?"

"Yego, bosi. Minajaza miye."

"Uliongeza maji?"

Mama akaniangalia. Sikuweza kuhimili, nikajifanya nasoma maandishi ya kwenye chupa. Nilisubiri ajitetee. Nilisubiri aseme, huyu kijana hajaosha hii mashine. Hakusema.

"Hapana, bosi," akajibu. "Miye sikutia mayi."

"Nenda nyumbani kwanza. Nitakuita."

Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ndoo. Alipopita karibu yangu aliniambia, "Maharage yako iko pale kwa dirisha, mutoto wangu."

Nilibeba yale maharage mpaka nyumbani. Nikayapika. Nikayala. Sijui nilikuwa mtu wa aina gani.

Siku zikaanza kwenda. Norman aliweka kipande kipya, mashine ikarudi kazini, nikawa naosha kila jioni. Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu. Aproni ya mama Cécile bado iko juu ya ndoo. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kamanzi ananisalimia kama kawaida, daftari la mwezi wa kumi analo ofisini kwake.

Kila jioni nilikuwa najipangia kwamba kesho nasema. Kesho ikifika nakuta sababu. Bosi ana wageni. Bosi amenuna. Ngoja nilipe kwanza kodi ya nyumba. Na kijana wa Ndera je, dawa zake? Hapo nilikuwa nageuza mawazo haraka, nafungua simu, naangalia mpira.

Jumatano, siku ya nane, nikafanya jambo jingine la ovyo. Nilikumbuka kwamba mashine ina kumbukumbu, inaandika yenyewe kila inapooshwa. Nikasubiri wenzangu waende kula, nikaingia kwenye orodha ile kuangalia kama kuna ushahidi wa kunikamata. Na kama unafutika.

Nilitegemea nikute patupu. Zaidi ya mwaka na nusu bila kuosha.

Nikakuta imejaa.

Nikaruka zile za wiki hii nilizoosha mwenyewe. Mwanzo wa mwezi wa kumi: Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, imeoshwa. Jumanne, saa kumi na mbili na dakika tano, imeoshwa. Nikashuka chini. Mwezi wa tisa, wa nane, wa tano. Mwaka jana. Kila siku ya kazi, dakika kumi na tano, kamili.

Saa kumi na mbili jioni mimi nakuwa nimeshashuka kwenye pikipiki zamani, niko Batsinda na brosheti mkononi.

Nikarudi juu kabisa kuangalia mara ya mwisho ilikuwa lini kabla haijaziba. Jumanne katikati ya mwezi wa kumi. Jumanne ya mwisho kabla mama Cécile hajaenda Rubavu.

Nilikaa kwenye kiti.

Kesho yake, Alhamisi, nilipotoka kazini nikapanda pikipiki mpaka Ndera na mkate na kilo mbili za sukari, kama mtu anayekwenda kuhani. Nilisema leo namwomba msamaha, na kesho nasema kwa bosi.

Nilimkuta uani anachagua mchele, jua halijazama. Kijana wake amekaa pembeni kwenye mkeka, ametulia, anasikiliza redio.

"Mutoto wangu! Karibu, ikala. Uko unakunywa chai?"

"Mama, usijisumbue."

"Chai haiko kusumbua."

Akaleta chai. Nikakishika kikombe kwa mikono miwili. Nikazunguka, nikauliza habari za mjukuu, za Rubavu, za mvua. Mwisho nikasema, "Mama, ile mashine... jioni... kuna mtu alikuwa anaiosha?"

Akacheka kidogo, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Trinah njo alinionyesha, mbele aende kuolewa. Alisema, mama, hii mashini ukiiona mangaribi inaandika ile maneno ya nyekundu, iko inaomba kuoshwa. Kama mwenyewe amesahabu, weka dawa kwa hii katube, finya hapa kwa kijani, ngojea. Basi siku moja nikaona maneno ya nyekundu. Nikafinya. Kesho tena. Nikasema, Protas iko kijana, ako na mambo yake, mutoto wa watu iko mbali na mama yake. Minapiga deki, yenyewe inajiosha, tunamaliza pamoja."

"Kwa nini hukusema siku ile? Mbele ya bosi?"

"Mashini haiko ya mutu wa usafi. Ningesema, wangenifukuza juu niliigusa." Akachambua jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Na weye wangekufukuza juu haukuigusa. Sasa ingesaidia nani?"

Wakuu, hapo ndipo pa kupiga magoti. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mama ameshaniambia kwamba anajua.

Nikasema, "Asante kwa chai, mama."

Nikaondoka.

Sina maelezo. Nilifika barabarani nikasimama pembeni ya duka la vocha, nikalia mbele za watu, mwendesha pikipiki akaniuliza, "Sha, ni nani amekufa?"

Ijumaa asubuhi, saa moja na nusu, tuna kikao kifupi cha kusimama, wafanyakazi wote, pale mapokezi. Ni pale pale nilipopigiwa makofi. Kamanzi akauliza kama kuna mwenye la kusema.

Nikanyoosha mkono.

"Mashine haikuoshwa," nikasema. "Dawa haina shida. Daftari nimelijaza lote tarehe moja. Sijaosha ile mashine zaidi ya mwaka na nusu. Aliyekuwa anaiosha ni mama Cécile, kila jioni, mimi nikiwa nimeshaondoka. Iliziba kwa sababu alikwenda likizo. Nilijua kwamba hakutia maji, na nilimwacha aondoke."

Dada wa mapokezi akaiangalia picha yangu ukutani, halafu akaniangalia mimi, halafu akatazama chini.

"Ingia ofisini," Kamanzi akasema.

Nikaingia nikijua nimefukuzwa. Akafungua droo, akatoa daftari langu, akalifunua mezani. Kulikuwa na mstari mmoja umezungushiwa wino mwekundu.

"Soma."

Nikasoma. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi. Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, maji matupu, sifuri, tiki, sahihi yangu.

Akaweka simu yake kando ya daftari. Picha ya umuganda. Mimi na jembe, tope mpaka magotini, na juu yake saa iliyotumwa kwenye grupu: saa mbili na dakika ishirini asubuhi.

"Mimi ndiye nilipiga hiyo picha," akasema. "Kwa hiyo nakuuliza, ile saa ulikuwa kwa mtaro wa Batsinda ama kwa mashine?"

Nilikuwa nimejaza mwezi mzima bila kukumbuka kwamba Jumamosi ya mwisho Kigali yote inashika jembe.

"Uliona lini?" nikauliza.

"Jumatano ile ile. Jioni."

Nikahesabu harakaharaka kichwani. Alijua tangu siku ya kwanza.

"Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda Ndera kumwomba mama msamaha, kwa sababu mimi pia nilimkosea," akaendelea. "Alinielezea yote. Mshahara wake hapana katwa, bima yake iko. Nilimwambia nakufukuza siku hiyo hiyo. Unajua alisema nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alisema, bosi, mwache kidogo. Atasema mwenyewe. Yeye ndiye alikataa kurudi kazini mpaka wewe useme. Kila jioni ananipigia simu, anauliza, amesema? Namwambia, bado. Jana alipiga tena. Akasema, leo amekuja hapa, amekunywa chai, kesho atasema."

Akafunga daftari.

"Siku tisa, Protas. Mama wa miaka sitini amekaa nyumbani siku tisa, anakungojea wewe."

Nikavua koti langu jeupe, nikaliweka juu ya daftari.

Sikufukuzwa. Niliambiwa nikashushe picha yangu mwenyewe kwa mkono wangu, na nikaishusha, wagonjwa wakitazama. Miezi mitatu sikuruhusiwa kutoa jibu bila mwenzangu kulipitia. Nilikwenda kwa Nkusi na Aidah, nikawaeleza kila kitu. Mtoto wao wa kike alikuwa ameshazaliwa, mzima. Aidah alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa. Nkusi hakunipa mkono, na sikumlaumu.

Mama Cécile amefundishwa rasmi kuosha mashine, ana sahihi yake kwenye daftari. Jioni tunaosha pamoja. Bado ananiita mutoto wangu, kwa sauti ile ile ya zamani, na kila akiniita hivyo natamani ardhi ipasuke niingie.

Kama nawe una daftari lako la kazi, iwe maabara, gereji, shule, popote, nakuomba kitu kimoja. Usiweke tiki kabla hujafanya. Na siku kazi yako ikienda vizuri kuliko ulivyoihangaikia, geuka nyuma, angalia nani amebaki anapiga deki ukishaondoka.

Kuna jambo moja tu bado sijalimaliza. Mama yangu Karagwe hana habari. Kila Jumapili akipiga simu ananiambia amepangusa vumbi kwenye fremu yangu. Nimejaribu kumwambia mara tatu, nikaishia kuuliza habari za ng'ombe.

Najua dada yangu anasoma humu, na najua humsomea mama simulizi akiwa anamenya ndizi.

Mama, ukisomewa hii, naomba uishushe ile picha.